Kuhamia Mji wa Ufukweni wa Mediterania: Maelekezo kwa Mtu wa Kigoma

Anayekusudia kuhamia mji wa kitalii kama Lloret de Mar, kaskazini-mashariki mwa Hispania, na autazame kwanza mwezi Januari, wala si Agosti. Sisi tuliozoea Kibirizi twajua kwamba mbalamwezi ikipevuka wavuvi wa dagaa hupumzika na mwalo hupoa. Miji hiyo nayo hufurika wageni kuanzia Juni hadi Septemba, kisha hoteli nyingi hufungwa na vibarua hupungua. Weka akiba ya kukuvusha miezi hiyo.

Viza ya Schengen, yaani ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ya siku 90 ndani ya siku 180, ni ya matembezi tu. Viza ya kuishi huombwa kabla ya safari, katika ubalozi wa Hispania uliopo Dar es Salaam, na ukishafika una mwezi mmoja wa kuomba kitambulisho cha mkazi mgeni.

Nyumba ndiyo yenye mitego. Wenye nyumba wengi hupendelea mkataba wa msimu unaokwisha kabla ya kiangazi, ili chumba hichohicho wakikodishe kwa watalii kwa bei ya juu. Basi soma tarehe ya mwisho kabla ya kutia saini, na utafute mkataba wa makazi ya kudumu, ambao kisheria humruhusu mpangaji kuuendeleza hadi miaka 5 na ambao amana yake ya kisheria ni kodi ya mwezi 1. Uliza pia kama utaruhusiwa kujiandikisha kwa anwani hiyo katika ofisi ya halmashauri ya mji, kwa sababu shule za watoto na huduma nyingine hutegemea uandikishaji huo. Mwenye nyumba akikataa, mimi nakushauri uondoke, hata kama chumba kinaitazama bahari. Sogeza kabati ukague ukuta wa nyuma: nyumba nyingi zilijengwa kwa ajili ya joto, hazina vipasha-joto, na ukungu mweusi hujificha hapo.

Jifunze Kihispania mapema. Kikatalani, lugha ya eneo hilo inayotumika shuleni, kitafuata.

Mwisho, bahari hiyo si Ziwa Tanganyika. Bendera nyekundu ikipepea, usiingie majini. Ukichomwa na konyeza, yule kiumbe laini anayeelea kama mfuko wa nailoni, usipasugue wala usipaoshe kwa maji baridi ya bomba, kwa kuwa huweza kuifyatua miiba iliyobaki kwenye ngozi. Pasuuze kwa maji yaleyale ya chumvi, kisha uiondoe kwa kibano.