Vifaranga mia wa kuku wa nyama, kuanzia boksi hadi mizani

Mwezi wa saba wifi yangu aliyeko Iringa alinipigia simu saa nane usiku. Alikuwa ameingiza vifaranga mia asubuhi yake, na sasa wamejikusanya kona moja, wamepandana, wanalia mpaka majirani wameamka. Mimi niko Chanika, Dar es Salaam, huu ni mwaka wa sita nafuga kuku wa nyama uani. Tulikaa kwenye simu hadi adhana ya alfajiri. Aliyoniuliza usiku ule ndiyo ninayoulizwa na kila anayeanza, kwa hiyo nayaandika mara moja.

Hatua ya 1: Banda

Kuku mia wanataka mita za mraba kumi wakishakuwa wakubwa. Sakafu ya saruji, ukuta wa kufika kiunoni, juu yake wavu hadi paani. Tandaza maranda makavu ya mbao, unene wa vidole vinne. Unga wa mbao usitumie, vifaranga wanaula.

Hatua ya 2: Vifaranga

Weka oda mapema kwa wakala. Aina za kuku wa nyama ni Cobb 500 au Ross 308, wote wazuri, usipoteze siku kubishana. Fungua boksi kabla ya kulipa: kitovu kiwe kimefunga, macho yang'ae, kifaranga asimame mwenyewe. Ukiuziwa kwa bei ya kushangaza, ujue ni majogoo wa kuku wa mayai. Wiki ya tano watakuwa na uzito wa njiwa na watakuwa wamekula magunia yako.

Hatua ya 3: Bruda (sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto) na usiku wa kwanza

Hapa ndipo pesa inapopotelea. Kifaranga wa siku moja ana uzito wa gramu arobaini hivi na hawezi kujitengenezea joto lake. Anahitaji kama nyuzi 33 pale alipo yeye, chini, sio pale ulipotundika kipimajoto ukutani. Kila wiki unapunguza nyuzi tatu hivi.

Zungushia duara la hadibodi au maboksi yaliyounganishwa, upana wa mita moja na nusu hadi mbili, kimo cha kufika gotini. Liwe duara kweli. Penye kona wanarundikana na wa chini wanakufa kwa kukosa pumzi.

Kosa la wifi halikuwa kwenye mkaa. Jiko alikuwa nalo, na aliliwasha wakati vifaranga wako njiani. Hewa ikapata moto, sakafu ikabaki ya baridi. Saruji ya Iringa mwezi wa saba, ukikanyaga peku unaruka. Kifaranga anakaa na tumbo lake juu ya baridi hiyo, na joto lote linashukia huko. Banda lipashwe moto siku nzima kabla, maranda yakiwa yameshatandazwa. Ukitaka kuhakikisha, mshike kifaranga umguse nyayo zake kwenye shingo yako. Zikiwa za baridi, yeye ana baridi, hata kipimajoto kiseme nini.

Kuhusu chanzo cha joto nina msimamo na sibadiliki: chungu cha udongo chenye mkaa. Taa zile nyekundu za wati 250 ni safi, hazina majivu, lakini umeme ukikatika saa saba usiku umeishiwa ujanja. Jiko la bati linapata moto haraka na kupoa haraka. Chungu kinashika joto. Nina viwili, kimoja kikiwa ndani kingine nakiandaa nje. Nakiweka juu ya karai lenye mchanga maana maranda yanashika moto, nazungushia wavu ili vifaranga wasikiguse, na mkaa naufunika majivu kidogo ili uende taratibu. Simu yangu inalia saa nne, saa nane na saa kumi na moja. Usisubiri mkaa uzime ndipo uwashe mwingine.

Sasa tulia hapa. Bechi yangu ya kwanza niliingiza vifaranga mia, asubuhi nikakuta 41 wamekufa. Hawakurundikana, hawakuharisha, walilala tu walipo. Nilikwenda duka la dawa za mifugo nikauziwa dawa ya siku tano. Kumbe nilikuwa nimeziba chumba chote kwa turubai, mpaka chini ya mlango nikapachika matambara, na ndani kuna mkaa. Nilidhani niko salama kwa sababu moshi ulikuwa umeisha. Moshi kuisha hakumaanishi sumu imeisha. Mkaa mwekundu usio na moshi hata kidogo bado unatoa hewa ya kuua, isiyo na harufu wala rangi, na inaua watu vilevile. Kwa hiyo:

- Washa nje mpaka mkaa wote uwe mwekundu, ndipo uingize.
- Turubai lizibe upepo wa chini, pale walipo vifaranga. Juu karibu na paa acha nafasi wazi upande usiokabili upepo. Shubiri moja haitoshi, acha mbili.
- Ukiingia ukasikia kichwa kizito au macho yanawasha, fungua kwanza, maswali baadaye.
- Usilale humo ndani. Najua wapo wanaolala "ili niwe karibu nao".

Nyanda za juu kama Iringa, Njombe na Mbeya kuna la ziada. Kuku wa nyama anakua haraka kuliko moyo na mapafu yake, na huko juu hewa ni nyepesi. Akilelewa kwenye baridi au kwenye chumba kisicho na hewa, wiki ya nne unamkuta tumbo limejaa maji, anahema, anakufa. Wengi wanalitafutia dawa wakati lilianzia kwenye turubai.

Baada ya hapo kipimajoto kiweke pembeni, angalia vifaranga. Wakirundikana chini ya chungu wakilia, baridi. Wakisogea ukingoni wametanua mabawa na kuachama midomo, joto limezidi. Wakijaa upande mmoja tu, kuna upepo unapita, utafute kwa mkono uliolowa maji. Wakitawanyika kila mahali, wengine wanakula, wengine wamejilaza, sauti ni ya kunong'ona, nenda kalale.

Usiku ule nilimwambia wifi ajaze maji ya moto kwenye chupa za plastiki, azifunge kwa khanga, azipange katikati ya duara huku akiwasha jiko la pili. Akapenyeza maboksi mawili yaliyofunguliwa chini ya maranda. Walianza kutawanyika karibu saa kumi. Wanne walikufa kabla ya kucha, na kufikia mwisho wa bechi alipoteza tisa kwa jumla.

Hatua ya 4: Maji kwanza, chakula baadaye

Wakitua, maji ya uvuguvugu yenye glukosi kwa saa mbili tatu, kisha chakula cha kuanzia. Wachovye midomo majini vifaranga kumi, wengine wataiga. Siku tatu za mwanzo chakula ninakiweka kwenye vifuniko vya maboksi waliyokuja nayo. Vile vihori virefu vya kuning'iniza ni vya baadaye. Jioni mpapase gole, kile kifuko chini ya shingo: likiwa limejaa na laini, amekula na kunywa. Gumu, hajapata maji. Tupu, mtenge peke yake umnyweshe.

Siku ya saba pima kumi kwa mizani ya jikoni. Awe amefika gramu 160 au zaidi, yaani mara nne ya alivyokuja. Akiwa chini ya hapo, joto lilikuwa tatizo, usilaumu chakula.

Kwa kuku mia hadi siku 35 tenga mifuko sita hadi saba ya kilo 50. Kuchanganya chakula mwenyewe kwa bechi ya kwanza sikushauri.

Hatua ya 5: Chanjo

Ratiba ninayofuata: kideri (Newcastle) siku ya 7, gumboro (ugonjwa unaoshambulia kinga ya kuku) siku ya 14, kideri tena siku ya 21. Afisa mifugo wako akikuambia urudie gumboro kwa sababu ugonjwa upo mtaani, msikilize yeye.

Chanjo inaharibiwa na klorini. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha, au tumia ya kisima, ongeza kijiko cha chai cha maziwa ya unga yasiyo na mafuta kwa kila lita mbili. Vyombo viwe vya plastiki, vioshwe bila sabuni. Ibebe kwenye chupa ya barafu, maana nimeona mtu akiitia mfukoni mwa suruali. Asubuhi waondolee maji kwa muda wa saa moja au mawili, kisha wape chanjo waimalize ndani ya saa mbili. Kiasi cha maji? Pima walichokunywa jana yake kutwa nzima, gawa kwa tano.

Zile antibayotiki za "kinga" zinazotiwa majini tangu siku ya kwanza siwapi. Vitamini, basi.

Hatua ya 6: Wiki ya pili na ya tatu

Panua duara kila baada ya siku mbili tatu. Maranda yaliyolowa karibu na chombo cha maji yatoe siku hiyohiyo, sio Jumamosi. Kinyesi chenye damu ni koksi (ugonjwa wa vimelea vya utumbo, coccidiosis), na koksi inapenda unyevu. Dawa yake ni amproliamu, lakini ukitibu bila kutoa yaliyolowa utanunua tena.

Hatua ya 7: Wiki ya nne na ya tano

Tatizo linageuka. Kuku wa kilo moja na nusu hana haja ya joto lako, na kwetu Dar mwezi wa pili anakufa saa nane mchana. Ondoa chakula saa nne asubuhi, rudisha saa kumi jioni, maji ya baridi yawepo muda wote. Wakihema midomo wazi, waamshe taratibu wasimame hewa ipite chini yao.

Hatua ya 8: Kuuza

Tafuta wateja wiki ya tatu, sio ya tano. Wa chipsi wanataka kuku mdogo anayegawanyika vipande vinne, wa sherehe wanataka mkubwa. Kama uliwatibu, soma kwenye kibandiko cha dawa siku za kusubiri kabla ya kuchinja na uzihesabu kweli. Anza kuuza siku ya 32, maliza ya 38. Baada ya hapo kila kuku anakula zaidi kwa kila kilo anayoongeza, na mteja aliyesema "nakuja kesho" tangu Jumatatu muuzie mwingine.