SOMO: Kutembelea Iringa kwa siku mbili bila kuzunguka bure

Iringa wengi wanaijua kwa kupita. Wa Mbeya na Tunduma wanashuka stendi kuchimba dawa na kununua cha kutafuna, wa hifadhi ya Ruaha wanajaza mafuta mjini na kutimka. Hata wenyeji, ukiwauliza habari za Isimila, korongo lenye zana za mawe za kale, wengi watakwambia walipelekwa na mwalimu wakiwa shule ya msingi, basi. Somo hili ni la anayetaka kulala hapa usiku mmoja au miwili.

Hatua ya 1: Panga kwa barabara

Usipange vivutio kwa umaarufu wake. Mji uko juu kilimani, na sehemu za kuona zimetawanyika kwenye barabara tatu zinazotoka nje. Isimila iko barabara ya Mbeya, kama kilometa 20. Kalenga na Mlambalasi ziko barabara ya kwenda Ruaha. Mnara wa Lugalo uko barabara ya Morogoro. Kila ukibadili barabara unarudi mjini kwanza, na hapo ndipo muda na nauli vinapopotelea. Asiye na gari ajiwekee barabara moja kwa nusu siku, asijidanganye kwamba atazimaliza zote.

Hatua ya 2: Anzia Boma

Ni jengo la Wajerumani la mwaka 1914, lilijengwa liwe hospitali ya jeshi, likaja kuwa ofisi za serikali, na tangu 2016 ni makumbusho ya mkoa. Si kubwa, saa moja inatosha. Nasisitiza uanzie hapa kwa sababu ukienda Kalenga hujui lolote kuhusu Wahehe, utakachokiona ni chumba chenye fuvu, la chifu wao Mkwawa.

Hatua ya 3: Isimila, asubuhi na mapema

Panda gari la kuelekea Mafinga, mwambie konda akushushe kwenye kibao cha Isimila, kisha utembee au uchukue bodaboda hadi getini. Fika kabla jua halijakolea, maana korongoni hakuna kivuli na mchanga unachoma.

Wageni wengi hukimbilia nguzo za udongo, na kweli zinapigika picha. Ni udongo wa ziwa lililokauka zamani. Mvua imekuwa ikiula pembeni, na palipo na tabaka gumu juu, nguzo ikabaki imesimama peke yake. Lakini mimi naona utajiri wa Isimila ni mawe yaliyoko kabla ya nguzo. Eneo liligunduliwa mwaka 1951, likachimbwa na timu ya mtafiti F. Clark Howell mwaka 1957 na 1958, na zana nyingi zimeachwa palepale chini zilipokutwa. Mwombe mwongozaji akuonyeshe shoka la mkono: jiwe lililochongwa pande zote mbili, chini nene, juu limechongoka, makali yake yamemegwa vipande vidogo vidogo kwa mpangilio. Ukilitazama unajua kabisa ni upande gani ulikaa kiganjani. Vipimo vya kitaalamu vimeweka umri wa eneo hili kwenye miaka kama 260,000. Pia pamepatikana mifupa ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka, ambaye macho yake yalichomoza juu ya kichwa kuliko ya kiboko wa leo.

Usiokote jiwe, hata dogo.

Hatua ya 4: Kalenga, na Mlambalasi ukiwa na usafiri

Kalenga ni kijiji, na makumbusho yake ni kijumba kidogo tu. Anayetarajia jengo la kifahari atasikitika. Kinachokupeleka pale ni simulizi, kwa hiyo usiingie ukapiga chabo dakika tano ukatoka. Kaa, msikilize mhifadhi.

Kwa kifupi: tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa lilimvizia kamanda wa Wajerumani, Emil von Zelewski, pale Lugalo, likamuua yeye na sehemu kubwa ya kikosi chake. Wajerumani wakarudi na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 wakaiteka ngome ya Kalenga. Mkwawa akaponyoka, akaendelea kupigana porini karibu miaka minne. Tarehe 19 Julai 1898 akajipiga risasi ili asikamatwe. Kichwa kikakatwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu, lakini lilirudi Juni 1954, Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipolikabidhi kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi Mkwawa, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge.

Kiwiliwili kimezikwa Mlambalasi, mbele zaidi kwenye barabara hiyohiyo ya Ruaha. Kwa daladala ni shida, kodi gari au uunganishe na safari ya mbugani.

Hatua ya 5: Jioni, Gangilonga

Ni jiwe kubwa juu ya mji. Mji wote unauona. Nenda na wenzako, shuka kabla giza halijaingia.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, kiingilio ni bei gani?
Viwango hubadilika, sitaki kukutajia ya zamani. Raia analipa kidogo sana ukilinganisha na mgeni wa nje, kwa hiyo beba kitambulisho cha NIDA. Dai risiti.

Hivi lile fuvu ni la Mkwawa kweli, au tulipigwa?
Swali zuri, na wapo wanaobisha. Twining alilichagua kutoka kwenye mkusanyiko wa mafuvu katika makumbusho ya Bremen, akitumia vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa na alama ya risasi. Kipimo cha vinasaba hakikuwapo enzi hizo. Lakini pale Kalenga usianzishe ligi. Kwa familia yule ni babu yao. Na omba ruhusa kabla ya kupiga picha.

Nina mtoto wa miaka mitano, Isimila ataiweza?
Mawe ataona bila tabu. Kushuka korongoni na kupanda tena ndiko kutakakokufanya umbebe. Maji ya kunywa na kofia, usisahau. Wakati wa masika acha, njia inateleza.

Dada mwenye somo, nije mwezi gani?
Juni hadi Oktoba ni kiangazi, na Ruaha wanyama wanakuwa karibu na mto. Ila Juni na Julai Iringa ni baridi ya kweli, sisi wa huku tunalala na blanketi mbili. Mtu wa Dar usije na shati la mikono mifupi peke yake.

Naweza kuunganisha na maporomoko ya Sanje? Kwenye ramani hifadhi ya Udzungwa, yalipo maporomoko hayo, imepakana na Iringa.
Ramani inadanganya hapo. Njia ya Sanje inaanzia upande wa Mang'ula, Kilombero. Kutoka Iringa unashuka mlima Kitonga hadi Mikumi, unakata kulia kwenda Kidatu, ndipo ufike. Yanashuka kama mita 170, yanastahili siku yake. Yaweke wakati wa kurudi Dar, ulale Mang'ula, upande asubuhi.