Kagonga kichwa, anasema yuko fiti: mambo ya kuangalia usiku huo

Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku kitengo cha dharura, na anayenitia hofu si yule aliyelowa damu shati zima. Ngozi ya kichwa ina mishipa mingi, mkato mdogo tu unatisha. Ninayemhofia ni abiria wa bodaboda aliyezimia kidogo, akaamka, akajipangusa vumbi na kudai simu yake.

Shika panja lako, kati ya jicho na sikio. Hapo fuvu ni jembamba, na kwa ndani hupita ateri inayolisha utando mgumu wa ubongo, yaani dura. Mfupa ukipasuka hapo, ateri inaweza kuchanika na damu ikajaa kati ya fuvu na dura. Mgonjwa anaweza kupiga soga saa kadhaa, huku ubongo unabanwa, maana fuvu la mtu mzima halitanuki. Mwigizaji Natasha Richardson alianguka kwenye theluji huko Quebec, Machi 2009, akaonekana mzima. Siku mbili baadaye alifariki.

Kwa wazee na walevi tatizo huwa chini ya dura. Ubongo ukisinyaa, vena ndogo za hapo huvutika, na kujigonga mlangoni tu kunatosha kuzichana. Damu huvuja polepole, pengine wiki nzima au zaidi. Babu akianza kuchanganya majina ya wajukuu, kabla hujasema uzee, uliza kama alianguka mwezi uliopita.

Aliyezimia, hata kidogo, apelekwe hospitali kwanza. Akiruhusiwa kurudi, asilale peke yake. Mwamshe kila baada ya saa chache, na usikubali jibu la "mmh": aseme leo siku gani, yuko kwa nani, anyanyue mikono yote miwili. Mmulike macho kwa tochi ya simu. Mboni zote zisinyae sawasawa. Moja ikibaki kubwa, au akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, akipata degedege au asiamshike, ondokeni usiku huohuo.

Maji mepesi yakitoka puani au sikioni, huenda ni maji ya ubongo: dura imechanika. Usizibe kwa pamba, naye asipenge kamasi.

Maumivu ni paracetamol tu. Aspirini na diklofenaki ziacheni, zinaweza kuzidisha kuvuja damu.

Mkifika kwetu, tuambieni saa aliyoanguka, alizimia kwa muda gani, na kama anameza dawa ya kuzuia damu kuganda. Hiyo ya mwisho ndugu wengi hawaitaji mpaka waulizwe.