Kupatanisha vioo vya darubini baada ya safari ya basi

Darubini yangu niliinunua Kampala kwa mtu aliyekwisha kuichoka, nikaitia kwenye buti ya basi mpaka Tororo. Usiku ule sayari ya Mshtarii ikaonekana na mkia ubavuni. Nikailaumu lenzi ya jicho, nikaisugua siku tatu. Bure. Vioo vilikuwa vimetikisika njiani.

Ni darubini ya vioo viwili. Kikubwa, cha milimita 114, kimekaa kitakoni mwa bomba juu ya skrubu zenye springi. Kidogo kiko karibu na mdomo, kimelazwa nyuzi 45, kinautupa mwanga ubavuni kwenye kishingo unakochungulia. Kinachohama kwa urahisi ni kikubwa. Kidogo usikiguse mpaka uone kosa lake, maana mimi nilianza na hicho nikapoteza Jumapili nzima.

Tafuta kopo la filamu ya kamera za zamani. Mwenye studio mmoja hapa mjini alikuwa nayo tele, akanipa mawili huku akinishangaa. Linaingia karibu sawasawa kwenye kishingo cha milimita 31.7. Kata kitako, toboa katikati ya kifuniko tundu la milimita 2, kisha kwa ndani bandika karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, nayo uitoboe papo hapo.

Kioo kikubwa lazima kiwe na alama katikati. Changu hakikuwa nayo. Nilikitoa pamoja na kikalio chake, nikakata karatasi duara ya upana uleule, nikaikunja mara mbili na kukata ncha ili nipate tundu la katikati. Niliilaza juu ya kioo taratibu mno, nikatia nukta ya kalamu ya wino mzito, nikaondoa karatasi na kuizungushia nukta ile kipete cha karatasi, vile vya kuimarishia matundu ya faili. Usiogope kuharibu picha: hapo katikati kivuli cha kioo kidogo hupaziba siku zote. Cha kuogopa ni vidole. Mpwa wangu aliacha alama ya dole gumba, na mpaka leo ipo.

Sasa, mchana, laza bomba sambamba na ardhi, mdomo uelekee ukuta mweupe, kamwe si jua. Ukililaza, bisbisi ikikuponyoka haitaangukia kioo. Chungulia kwenye tundu la kopo. Ndani ya kioo kidogo unatakiwa kukiona kioo kikubwa kizima, pamoja na vishikizo vyake vitatu. Kimoja kikijificha, hapo ndipo unagusa skrubu tatu ndogo za kioo kidogo: legeza moja, kaza mwenzake, mpaka vyote vitokeze.

Halafu nenda kitakoni. Legeza skrubu za kukazia, zungusha zile za springi robo mzunguko kwa zamu, urudi kuchungulia. Utaona doa jeusi, yaani tundu la kopo lako mwenyewe, likitembea. Liingize ndani ya kipete. Mpwa akizungusha nami nikichungulia, tunamaliza kwa dakika tano. Peke yangu ni kukimbia huku na huku. Kaza kidogo tu, kisha utazame tena, kwa sababu kukaza nako husogeza.

Usiku hakikisha kwa nyota. Waandishi wa Ulaya hupendekeza Nyota ya Kaskazini kwa kuwa haitembei, lakini kwetu hapa ikweta imelala kwenye upeo wa macho, ndani ya ukungu na moshi wa majiko. Mimi mwezi wa pili, kama saa tatu usiku, huchukua ile ya kati katika nyota tatu za mstari, zinazopita karibu na utosi. Kwa lenzi ya milimita 10 (ukuzaji mara 90) itavuka duara la anga unaloliona kwenye lenzi kwa dakika mbili na ushei, basi irudishe katikati kila mara. Acha bomba lipoe nusu saa kwanza. Vuruga fokasi kidogo: utaona pete zilizopangana na kivuli katikati. Kivuli kikiegemea upande mmoja, gusa skrubu ya kioo kikubwa, nyota itakimbia, irudishe katikati, tazama tena. Ikizidi kuegemea, rudi ulikotoka.

Siku pete zilipokaa sawa nilirudi kwa Mshtarii. Mkia haukuwepo, na mikanda yake miwili ilionekana. Kopo nimelifunga kwa uzi kwenye mguu wa darubini, kwa sababu boda ya kwenda kijijini hutikisa kuliko basi.