Kutembea Mji wa Kale wa Mombasa kwa pesa yoyote uliyo nayo

Kila Desemba napokea wageni wa bara, na swali la kwanza kwenye simu huwa ni moja: tuje na pesa ngapi? Mimi huwauliza, mtafika saa ngapi? Nimezaliwa Kibokoni, mtaa wa humu Mji wa Kale, nimetembeza watu wa kila mfuko, na aliyekuja alfajiri na noti ya mia tano ameona mengi kuliko aliyeshuka kwenye teksi saa saba mchana.

Mambo yote ni jua. Mji wa Kale uko mashariki ya kisiwa, umetazamana na Nyali ng'ambo ya maji. Asubuhi jua huchomozea huko na kuipiga ngome ya Fort Jesus usoni, mawe yakageuka rangi ya chungwa. Adhuhuri utatafuta kivuli mbele ya ngome usikione. Kuanzia alasiri nyumba zenyewe huanza kukaa baina ya jua na bahari, na ndipo watu hutoka. Kwa hiyo njoo kabla ya saa tatu asubuhi, au ngoja adhana ya alasiri. Ijumaa usipange kitu baina ya saa sita na saa nane. Watu wako msikitini na maduka mengi yamefungwa. Nguo ifunike mabega na magoti, mwanamume na mwanamke.

Ukishuka na treni Miritini, panda matatu hadi mjini, kisha tuktuk mpaka ngomeni. Elewaneni bei kabla hujakaa. Kutoka hapo ni miguu.

Kunywa chai kwanza: mahamri kwa mbaazi za nazi, chakula cha bei ya chini kabisa na hakuna tajiri anayekidharau.

Kiingilio cha ngome ndicho kitakachokula sehemu kubwa ya ile mia tano. Mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, basi usisahau kitambulisho, na weka pesa kwenye simu. Ukishalipa usikimbie. Wareno walianza kuijenga 1593, na Waomani waliizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698 ndipo wakaitwaa. Teremka kwenye njia ya matao inayoelekea baharini, uone jinsi watu na shehena walivyoweza kupandishwa kutoka majini. Halafu tafuta lile lipu la ukuta lililochorwa na mabaharia wa Kireno: merikebu, samaki, watu, mistari kama ya mtoto aliyeshika kaa la moto lililozimika. Mimi husimama hapo kuliko mahali popote pengine. Tangu 1895 hadi 1958 ngome hii ilikuwa gereza, na nyanya yangu, Mungu amrehemu, aliijua hivyo; hata ilipokuwa makumbusho alikataa kuingia. Asiye na kiingilio azunguke nje akautazame ukuta kutoka chini. Hakuna anayelipisha hapo.

Kisha shika Ndia Kuu. Ndia ni njia kwa Kimvita, Kiswahili cha hapa Mombasa, na kweli ilikuwa njia kuu. Tazama milango ya nakshi na roshani za mbao juu yake. Mlango ni wa mtu: ukikuta wazee barazani, toa salamu kwanza, omba ruhusa, ndipo utoe simu. Mgeni wangu mmoja alipiga picha bila kusema neno, tukafukuzwa mtaa mzima na mimi mwenyeji nikaaibika. Mbele utaona mnara mnene, uliochongoka juu, wa msikiti wa Mandhry, unaohesabiwa tangu 1570. Ukifika Bandari ya Kale, kamera iwe mfukoni mpaka uruhusiwe.

Jioni mtafute muuza kahawa tungu. Utamsikia kabla ya kumwona, anagonganisha vikombe mkononi kama kayamba. Dele la shaba lina makaa chini yake, kahawa ina tangawizi, kikombe hakizidi funda tatu. Usiondoke nacho, kunywa hapo hapo, tafuna kashata, sikiliza mazungumzo, rudisha kikombe. Viazi karai ni jirani yake: kula vya moto, na uombe ukwaju uongezwe.

Mwenye pesa zaidi achukue mwongoza wageni mwenye kitambulisho cha kazi, bei isemwe mwanzo na kwa saa. Ale samaki wa kupaka mchana ndani ya nyumba yenye feni. Akitaka kutumia zaidi, akodi mashua jioni aione ngome kutoka majini, kama walivyoiona waliokuja kuipiga. Hiyo nakubali inastahili pesa yake.

Lakini wote, mwenye nacho na asiye nacho, watamalizia bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari. Bustani ile ilitengenezwa upya, na Sikukuu ya Mashujaa ya 2019 ikasherehekewa hapo. Mibuyu imesimama, hakuna wa kukuuliza shilingi ukikaa. Nunua dafu na muhogo wa kukaanga wenye pilipili na ndimu, kaa ukingoni utazame mlango wa bandari ya Kilindini. Meli za makontena hupita karibu mno, watoto huzipungia mikono, na mara nyingine baharia aliyesimama peke yake huko juu huwapungia naye.