Kumwonyesha mtoto mwewe na jamaa zake

Msianze na kitabu. Mtoe mtoto nje saa nne asubuhi, jua likishakolea, maana hewa yenye joto ikipanda ndipo mwewe huelea bila kupiga mbawa. Hapa Kampala hamtamtafuta sana. Yuko juu ya kila soko. Mwambie atazame mkia: umegawanyika mara mbili nchani, na ndege huupinda huku na huku kama usukani. Chapati ifichwe! Mjukuu wangu alinyakuliwa yake mkononi, akabaki na kipande cha pembeni, hakuguswa hata ukucha.

Yule mrefu mwenye upara jalalani ni korongo, si jamaa yao, ingawa watoto humtaja wa kwanza.

Furukombe, yule tai mla samaki, mkamtazame Entebbe, ziwani: kichwa cheupe, sauti kali. Nyayo zake zina vijiba vya kukwaruza, ndiyo sababu samaki hamponyoki. Hili mtoto anaweza kulijaribu kwa mkono. Mpe sabuni iliyolowa aibane, itachomoka. Kisha apake mchanga viganjani, ajaribu tena. Wangu walimaliza mche mzima.

Bundi mwachieni jioni, na mwenye kusimulia habari za uchawi akae mbali.