Kuku kumi na matuta sita: kulima na kufuga uani Mombasa kwa kufuata pepo

Kila ifikapo Februari hapakosi jirani wa kuja kwangu hapa Likoni kulalamika kuwa sukuma wiki yake imenyong'onyea, na maji ameitia asubuhi na jioni. Nami huuliza swali lile lile: uliipanda lini? Jibu pia ni lile lile. Aliipanda kama pakiti ilivyosema.

Pakiti iliandikwa na mtu wa bara. Machi ya Limuru na Machi ya Likoni ni vitu viwili. Sisi huku tunaishi kwa pepo: kaskazi kuanzia Disemba hadi Machi, kavu na yenye joto, kisha maleleji, upepo unapokata na nguo haikauki mwilini, masika kuanzia Aprili, Mei ndiyo yenye mvua nyingi kuliko miezi yote, kusi na ubaridi wake wa kipupwe Juni hadi Agosti au Septemba, halafu vuli, Oktoba na Novemba. Wazee walihesabu miongo, siku kumi kumi, tangu Siku ya Mwaka, wakajua mwongo upi ni wa kupanda nini. Mimi sijui miongo yote, lakini pepo nazijua, na huu mwongozo nimeupanga kwazo. Ni wa ua mdogo: matuta sita ya mita moja kwa tatu, na kuku kumi.

Hatua ya 1: Onja maji

Kabla ya jembe, kabla ya banda, nenda kisimani uchote kikombe uonje. Visima vingi vya Mombasa vina chumvi, na maji ya mfereji huja yatakapo. Yakiwa na chumvi kidogo tu, spinachi itavumilia, na nazi uani haina neno. Maharagwe na vitunguu usijisumbue. Kuku ndio wasipewe kabisa: watahara maji matupu, maranda yatarowa, na hapo umefungua mlango wa magonjwa. Kuku wapewe maji unayokunywa wewe. Kuku kumi wakubwa humaliza lita mbili na nusu hadi tatu kwa siku ya kawaida, na siku za kaskazi huzidi hapo sana, kwa hiyo hesabu mtungi wao pamoja na ya nyumba unaponunua maji ya mkokoteni.

Paa lako la mabati nalo ni kisima. Tia mfereji wa paa na pipa kabla ya Aprili.

Hatua ya 2: Jenga banda wakati wa kaskazi

Januari na Februari ardhi ni kavu, mafundi wanapatikana, na utajenga ukiwa ndani ya lile joto ambalo kuku watalikuta. Hilo la mwisho ndilo muhimu. Simama ndani ya banda saa nane mchana. Ukishindwa kukaa robo saa, kuku hawataweza.

Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi, ili jua lipite juu ya paa lisiingie ubavuni. Hivyo ubavu mmoja mrefu utatazama kaskazini na wa pili kusini, na pepo zote mbili zitapita katikati. Mbavu hizo ziwe za waya kuanzia kiunoni kwenda juu. Lakini mvua ya masika nayo huja na kusi, ikipiga kwa ulalo, kwa hiyo upande wa kusini urefushe upenu na uning'inize magunia ya kushusha na kupandisha. Mimi mwaka wa kwanza sikuweka. Mei nilikuwa nikichota maji ndani ya banda kwa kopo.

Paa liwe la makuti. Najua mabati yanadumu, na makuti yanataka kubadilishwa kila baada ya miaka michache, lakini chini ya bati mwezi wa pili kuku huachama midomo na kuacha kutaga. Ukiwa na bati tayari, tandika makuti juu yake.

Kuku kumi wanatosheka na banda la mita mbili kwa moja na nusu, mradi wawe na uwanja wa kutembea mchana. Viota viwili au vitatu, mahali penye giza. Vijiti vya kulalia, kila kuku sentimita 20. Chini mwaga maranda ya seremala, kina cha kiganja kilichosimama.

Na uwanja ufunikwe juu. Adui wa kifaranga Mombasa ni kunguru wa Kihindi, yule mwenye shingo ya kijivu, kabla ya mwewe na paka. Atakaa juu ya mwembe nusu siku akikuchunguza, uingie ndani kupokea simu, ukitoka kifaranga hakuna. Waya ni ghali. Mimi nilikwenda kwa wavuvi nikanunua wavu kuukuu uliokwisha kazi baharini, ukafunika uwanja wote kwa bei ya debe la unga. Huku chini, waya wa matundu madogo, kwa sababu ya nguchiro na panya.

Hatua ya 3: Machi, samadi na udongo

Udongo wetu ama ni mchanga unaopitisha maji kama chujio, ama ni kokoto za matumbawe. Penye matumbawe utaona majani machanga yakigeuka manjano na mishipa ikibaki kijani: chokaa imezidi, mmea haupati chuma. Dawa ya yote mawili ni samadi, na samadi utakuwa nayo ukishafuga.

Usiitie mbichi. Mavi ya kuku ni makali, yanaunguza. Mwaka mmoja nilimwaga karai mbili moja kwa moja juu ya tuta la mchicha, siku ya nne likawa kama limepitiwa na moto. Changanya maranda yaliyotoka bandani na majani makavu ya mwembe, maganda ya jikoni na nyasi, nyunyizia maji mpaka ukikamata fumba linyevuke lisichuruzike, funika kwa gunia, na geuza kila wiki mbili. Baada ya miezi miwili haina harufu wala joto, kwa hiyo ianze Januari ili Machi iwe tayari. Karai mbili kwa kila mita ya mraba, kisha palilia iingie ndani. Makumbi ya nazi usiyatie humo, hayaozi upesi. Yapange chini ya matuta yashike maji.

Hatua ya 4: Masika

Mvua za mwanzo zikishuka, panda kunde, mchicha na mabenda. Matuta yawe yameinuka sentimita 20 au zaidi, maana Mei maji yatasimama. Mchicha unyunyize kwenye mistari, funika kwa udongo kidogo kama unavyonyunyiza chumvi, na wiki ya nne utaanza kung'oa. Kunde chuma majani machanga wiki ya tatu au ya nne, usingoje zizae. Mabenda sentimita 30 kutoka shina hadi shina, na baada ya miezi miwili hivi yakianza yachume kila baada ya siku mbili. Ukiyasahau siku nne yanakuwa kuni.

Mnavu na mchunga huota wenyewe pembeni. Usiwang'olee watu mboga yao ukidhani ni magugu.

Mei ni mwezi wa kuangalia maranda. Yashike mkononi: yakigandana, yatoe siku hiyo hiyo utie makavu. Maranda yaliyorowa ndiyo huleta kuhara damu, koksidiosisi, na kuku wadogo humalizwa nayo kabla hujajua kuna nini. Ukiona kinyesi chenye damu na manyoya yamesimama, nenda kwa daktari wa mifugo akupe dawa yake. Usingoje kesho.

Hatua ya 5: Kusi, msimu wa mboga za wageni

Sukuma wiki, spinachi, dania na tungule ni wageni huku, na mgeni mkaribishe kukiwa na baridi. Sia mbegu za tungule mwishoni mwa Juni kwenye kitalu chenye kivuli, hamisha miche baada ya wiki nne, jioni, kisha iwekee fito za kuegemea. Utachuma kuanzia Oktoba. Ukichelewa mpaka ikakutana na kaskazi, usiku wenye joto utapukutisha maua na utabaki na kichaka kizuri kisicho na tungule hata moja.

Sukuma panda sentimita 60 kwa 45. Vidukari wakitanda chini ya majani, twanga kilo moja ya majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha katika lita tano za maji, chuja, tia kipande kidogo cha sabuni, nyunyizia jioni. Rudia kila wiki. Ule uchungu kwenye jani utaoshwa na maji.

Hatua ya 6: Vifaranga, Agosti

Mimi hununua Agosti: mvua kubwa zimepita, joto halijafika, na majogoo watakuwa tayari kwa sikukuu za Disemba. Nunua kumi na watano upate kumi. Wangu huvuka feri ndani ya katoni yenye matundu, nimeikumbatia kifuani, na kila mara yupo mama pembeni atakayeniuliza, "Ni wa kienyeji hao, baba?" Ni kienyeji walioboreshwa, mama. Hutaga wakiwa na miezi mitano au sita.

Wiki ya kwanza wanataka joto la nyuzi 33 hadi 35, kisha punguza nyuzi tatu kila wiki. Balbu moja ndani ya duara la kadibodi inatosha kwa kumi na watano. Usiangalie kipimajoto, waangalie wao. Wakirundikana chini ya balbu wanahisi baridi. Wakikimbilia ukingoni wameungua. Wakitawanyika wakila, nenda kalale. Ukitumia jiko la makaa, acha hewa ipite. Moshi usioonekana huua vifaranga, na wewe pia.

Chanjo ni jambo ambalo sitalikatiza. Ya Mareksi, ugonjwa wa kupooza, hudungwa walikototolewa, uliza kabla ya kulipa. Kisha mimi hufuata hivi: kideri (Newcastle) siku ya 7, Gumboro, ugonjwa unaoharibu kinga ya mwili, siku ya 14, kideri tena siku ya 21, Gumboro siku ya 28, ndui wiki ya 6, kideri wiki ya 8, na baada ya hapo kideri kila miezi mitatu bila kukosa. Daktari wako akikupa ratiba tofauti kidogo, fuata yake. Ndui usiidharau, inaenezwa na mbu, na mbu wa vuli hapa unawajua.

Chanjo ya kideri ya matone hivi ndivyo itiwavyo. Ngoja magharibi kuku watulie. Mmoja amshike kuku ubavu, jicho moja litazame juu. Wewe dondosha tone moja, na usimwachie. Subiri apepese. Tone likitoweka jichoni, basi ameshachanjwa. Likitiririka shavuni, rudia. Chupa hubebwa ndani ya chupa ya chai yenye barafu tangu dukani, na ikishafunguliwa imalizwe ndani ya saa mbili. Kwa kuwa chupa moja ni ya kuku mia, sisi majirani watano huchanga na kuchanja jioni moja.

Na uliza kuhusu friji. Mwaka mmoja nilinunua chanjo duka moja ng'ambo ya kivuko, silitaji. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, nami sikuuliza. Miezi miwili baadaye kideri kilipita mtaani: shingo zimepinda, kinyesi cha kijani, kuku 17 kati ya 22 ndani ya siku sita. Sasa hugusa chupa kwa mkono kabla sijatoa pesa. Kama si baridi, narudi nyumbani.

Chakula: cha vifaranga hadi wiki ya 8, cha wanaokua hadi wiki ya 18, kisha cha wataga, gramu 120 kwa kila kuku kwa siku. Gunia la kilo 70 huwatosha kuku kumi karibu miezi miwili. Mabaki ya mchicha watafurahia. Machicha ya nazi wape kidogo na siku hiyo hiyo yalipokunwa, kwani kwa joto letu kesho yake yamechacha. Makombe ya baharini osha chumvi, kausha, ponda, weka kwenye kopo pembeni. Wataga watayafuata wenyewe na maganda ya mayai yatakuwa magumu.

Hatua ya 7: Vuli, kisha kaskazi tena

Oktoba rudia kunde na mchicha, mvua ni chache lakini zinatosha. Novemba anza kuyageuza matuta: yale uliyoyainua kwa ajili ya masika, sasa yachimbe yawe majaruba, chini ya usawa wa njia, ili kila tone libaki kwenye mizizi. Tandaza nyasi kavu juu. Biringani, mabenda na matembele yatavuka kaskazi. Mchicha utavuka ukiwekewa kivuli cha makuti mawili matatu juu ya fito.

Kuku nao wabadilishie saa. Chakula alfajiri na baada ya saa kumi jioni, mchana maji tu, yabadilishwe mara tatu. Ning'iniza gunia bichi upande upepo unakotoka. Wakianza kuachama midomo na kutanua mbawa, tia barafu ya shilingi ishirini kwenye chombo cha maji. Waswahili wenzangu hunicheka kwa barafu ile. Mayai ya Februari huja kununua wao.